Misalaba ya Mianzi Nyuma ya Darasa la Kwanza

Walimu wa madarasa ya chini, mmenijia nyumbani mkaniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, hasa nilivyowafundisha watoto wadogo habari za wadudu na vyura. Mmesikia kuwa mimi ndiye bingwa wa jambo hilo kuanzia Njombe hadi mwisho wa dunia. Aliyewaambia hivyo ni mimi mwenyewe. Lakini sasa nimeshika kalamu, nami nitasema kweli kadiri niwezavyo, isipokuwa pale nitakapoona kweli imepooza na inahitaji chumvi.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo nilivipanda taratibu hata mwenyewe sikugundua, na mshahara wa Mwingereza ulikuwa ukinifikia unanipungia mkono na kuendelea na safari. Miaka ya mwisho mliiona wenyewe. Nitaandika ya mwanzo, ambayo naikumbuka vizuri na kuielewa kidogo.

Sikutoka chuo cha ualimu. Nilikuwa kibarua wa kuchuna magome ya miwati katika shamba la wazungu karibu na Njombe, na jioni nikisoma shule ya watu wazima kwa taa ya karabai iliyovuma kuliko mwalimu. Nilisoma kwa bidii hata miti ya miwati ikaanza kunisalimia kwa Kiingereza. Nilipofaulu, misheni ilikuwa na shule isiyo na mwalimu wa darasa la kwanza upande wa Mahongole, na mimi nilikuwa mwalimu asiye na shule. Tukaoana.

Siku ya kwanza niliingia darasani na viganja vyeusi kwa maji ya magome, kwa maana rangi ile haitoki kwa sabuni wala kwa sala. Watoto walikuwa mia nne. Nikikumbuka kwa utulivu labda walikuwa hamsini. Mtoto mmoja wa mbele akaniuliza:

"Mwalimu yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Hapana. Wewe umekuja kuezeka."

Paa lilikuwa linavuja kweli. Jumamosi nikapanda nikaezeka, na tangu hapo wakaniheshimu, ingawa sijui kama waliniheshimu kwa ualimu au kwa paa.

Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Ngole, mzee mfupi mwenye koti la kifungo kimoja, chaki daima nyuma ya sikio. Yeye ndiye aliyenilea kazini. Hakuwahi kunikaripia mbele ya watoto, na wala hakuwahi kunisifu mahali popote. Aliniita siku ile ya kwanza.

"Bwana mdogo, utachukua na somo la viumbe."

"Mzee, mimi nimesomea hesabu na kuandika barua."

"Hapa hakuna mwingine anayelitaka. Linanuka."

Vifaa vyangu vilikuwa ubao, kasha tupu la sabuni, na kitabu cha mwongozo kilichoandikwa na mtu ambaye naapa hajawahi kushikwa na baridi maishani mwake. Kulikuwa pia na picha kubwa ya maisha ya kipepeo, iliyotoka Dar es Salaam kwa lori. Lori liliishusha njia panda ya Makambako mvua ikinyesha, ikalala nje kwenye magunia ya mahindi. Niliyoipokea ilikuwa imefutika mishale yote. Yai lipo, kiwavi yupo, kipepeo yupo, lakini nani anageuka kuwa nani haikujulikana. Watoto wakauliza kama kiwavi anakuwa kipepeo, au kipepeo anarudi kuwa yai. Nikajibu kwamba yote mawili, ili nisikosee. Baadaye niligundua sikukosea, na sijapata jibu lingine la bahati kama lile.

Tulianza na chura. Nikaazima karai kwa mke wa Mwalimu Mkuu, tukajaza viluwiluwi kutoka kijitoni. Darasa zima likakataa katakata kwamba hao ni watoto wa chura. Walisema ni samaki, kwani wana mkia, hawana miguu na wanaishi majini. Nikawaambia subirini. Miguu ya nyuma ilipoota, wakasema basi ni samaki wenye miguu. Siku ya mwisho, mama mwenye karai akaja kulichukua kabla hatujafika. Tulimsikia akipiga kelele jikoni kwamba maji yake ya kuoshea vyombo yanaruka. Hilo ndilo lililowasadikisha watoto. Nawashauri muwe na karai lenu wenyewe.

Kisha tukaenda kwa viwavi, na hapa ndipo nataka mnisikilize.

Mvua zilikuwa zinaisha. Katika vinyungu, zile bustani zetu za bondeni, majani ya viazi vitamu yalikuwa na viwavi wanene wenye kipembe mkiani, wakubwa kama mkono wa mtoto. Naam, kama kidole. Tukawaweka ndani ya kasha la sabuni pamoja na udongo na majani. Watoto wakawapa majina. Kulikuwa na Petro, Chifu, na mmoja aliyeitwa Bwana Shauri, kama yule mzungu mkuu wa wilaya, kwa sababu ya tumbo lake.

Asubuhi moja kasha lilikuwa tupu. Majani yalikuwepo, viwavi hawapo. Niliwashuku kuku wa Mwalimu Mkuu, nikamshuku Mwalimu Mkuu mwenyewe. Kitabu kilisema kiwavi atapanda kitawi na kujining'iniza. Kitawi nilikiweka, tena kizuri. Hakuna aliyening'inia.

Aliyewapata ni Raheli. Alikuwa mtoto mwembamba, mkimya, ambaye kila kitu alikijaribu kwa kidole kabla ya kusema neno. Alifukua udongo wa kasha akatoa kitu cha kahawia, kigumu, chenye kishikio kama cha birika.

"Mwalimu, Chifu amejifunga humu."

Ndipo nilipofahamu kwamba kuna viwavi wanaojizika. Nikawaeleza kwamba huyu sasa ni buu, hali, hanywi, haendi, anabadilika ndani ya gamba. Wakauliza anaangalia upande gani. Nikasema mashariki. Raheli akamgusa, na buu akatikisa mkia. Darasa zima likapiga yowe. Wiki ile hatukufanya hesabu. Kila mtoto alitaka kugusa na kutikisiwa.

Kitabu kilisema baada ya majuma mawili au matatu atatoka. Majuma yakapita. Wakaja Juni na Julai wetu mnaowajua, sakitu, ule umande ulioganda, inalala juu ya majani mpaka jua lipande, na watoto wanaandika huku wamekunja ngumi. Hakutoka mtu. Tulingoja karne tatu. Mwalimu Mkuu akachungulia kasha akaniuliza, "Mgaya, marehemu hawa wanaondoka lini?"

Nami nikaona kweli wamekufa kwa baridi. Niliwatangazia watoto. Sasa hawa ni watoto wa Kilutheri. Hawajui kutupa maiti. Waliomba ruhusa wakazike, nami nikaruhusu, nikidhani ni kazi nzuri ya mikono. Nyuma ya darasa wakachimba makaburi madogo kwa mstari, wakakata misalaba ya mianzi, wakapiga kengele yetu iliyokuwa rimu ya gari, wakaimba nyimbo za msiba sauti zote nne. Mimi niliimba besi. Mwinjilisti Kaduma, aliyekuwa akipita na baiskeli yake, akashuka akavua kofia, akauliza ni nani amefariki. Tulipomwambia akavaa kofia, akapanda baiskeli, akashuka tena akaniangalia, kisha akaenda zake.

Kwenye kaburi la mwisho Raheli alisema, "Mwalimu, huyu ametikisa mkia."

Wenzake wakamcheka. Nami nikamwambia, "Ni mkono wako mwanangu, unatetemeka kwa baridi." Kwa kweli wote tulikuwa tunatetemeka. Wakafukia, wakashindilia kwa miguu.

Baridi ileile ikamchukua mama yake Raheli kwa kichomi. Baba yake alikuwa Makambako anapakia mbao kwenye malori, akaja akazika akarudi, kwa kuwa malori hayangoji. Mtoto akabaki na bibi yake. Darasa lilikwenda kuimba, nyimbo zilezile. Mwinjilisti Kaduma alihubiri vizuri kuliko nilivyopata kusikia, kwamba huyu amelala tu, iko asubuhi atakapoamka na tutamwona. Raheli hakulia. Watu walisema mtoto huyu ana moyo mgumu. Mimi sikujua niseme nini, kwa hiyo nilinyamaza, jambo ambalo wanaonijua watawaambia halijatokea tena.

Mvua za kwanza zikaja. Asubuhi iliyofuata nikasikia kelele nyuma ya darasa, nikadhani nyoka. Nikakimbia na fimbo. Watoto wamesimama midomo wazi. Kwenye msalaba mmoja wa mwanzi alikuwa amening'inia nondo mkubwa kama kunguru, mabawa yamelowa na kukunjamana, tumbo lina mistari ya rangi ya waridi. Chini ya msalaba pana tundu. Msalaba wa pili, nondo mwingine. Mstari mzima ulikuwa unatoka ardhini.

Wenzangu, nilipagawa. Nilipiga ile rimu mpaka Makambako wakatafuta moto uko wapi. Nilicheza. Nililia kidogo. Mtoto mmoja akalalamika kwamba picha ina kipepeo wa rangi na huyu anafanana na panya. Sikumjali. Nikasimama mbele yao nikahubiri kumpita Kaduma:

"Hawakufa! Walikuwa wanabadilika. Walingoja joto na mvua ilainishe udongo!"

Kaburi moja lilikuwa halina tundu. Tukalifukua. Buu alikuwa amekauka na kupasuka, udongo juu yake mgumu kama sakafu, kwa sababu hapo ndipo kwaya iliposimama. Nikasema tungelainisha udongo naye angetoka, tukamfukia tena.

Raheli akanyoosha kidole. "Na waliozikwa mbali na shule, Mwalimu?"

Nilifikiri anasema habari za viwavi wa kwenye vinyungu vya bibi yake. "Popote, mwanangu," nikamjibu kwa furaha. "Udongo ni uleule."

Kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa. Siku ya tatu bibi yake akatokea mlangoni mwa darasa, amelowa mpaka kitambaa cha kichwa. Hakuingia.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Bibi. Karibu."

"Sikaribii. Nimekuja kuuliza umemfundisha nini mjukuu wangu."

Nikamwambia viwavi. Akaniangalia kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Viwavi," akasema. "Mjukuu wangu amelima kaburi la mama yake. Watu walidhani fisi, wengine wakaanza kutaja wachawi, kumbe ni yeye na jembe. Ameketi hapo kwenye mvua. Namrudisha nyumbani mchana, nikigeuka kuchochea moto amekwenda. Ameanza kukohoa, Mwalimu. Kikohozi kile ninakijua. Nimezika mmoja kwa kichomi mwaka huu. Sitaki wa pili."

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba ushauri, nikamweleza yote kwa haraka. Akatoa chaki sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Ulichomfundisha ni uongo?"

"Hapana, Mzee. Ni kweli tupu."

"Basi hapo ndipo pagumu," akasema. "Kama somo lako ndilo lililompeleka kule, nenda nalo likamrudishe. Darasa nitakushikia."

Kaburini nilimkuta Mwinjilisti Kaduma amefika kabla yangu, ameegemea baiskeli, maji yanatiririka kwenye ukingo wa kofia. Raheli ameketi pembeni ya kaburi. Mawe aliyaondoa yote akayapanga. Udongo ulikuwa umelainishwa kama tuta la viazi. Mapajani alikuwa na kaniki ya mama yake, imekunjwa vizuri, ameifunika kwa mwili wake isilowe. Mwinjilisti alikuwa katikati ya maneno:

"Atafufuka, ndiyo, mwanangu, lakini si leo."

"Kesho?"

"Siku yenyewe hatuijui sisi."

"Hata ya wale wa shuleni hatukuijua," Raheli akasema. "Nitasubiri."

Mwinjilisti akanivuta kando chini ya mti wa mwati. Sijamwona mtu wa Mungu amechanganyikiwa vile. "Mwalimu, umenikwamisha," akaninong'oneza. "Nikimwambia mama yake hatoki, nimekana niliyohubiri juu ya kaburi hilihili. Nikimwambia anatoka, atahamia hapa. Sasa niseme nini?"

"Mimi ndiye nilikuja kukuuliza wewe," nikasema.

Tukasimama hapo wasomi wawili, mmoja wa Biblia na mmoja wa viumbe, mvua inatupiga, kila mmoja akimngoja mwenzake ajue. Mtoto akakohoa. Nikaona kungoja hakutatusaidia. Nikaenda.

"Usikanyage hapo, Mwalimu," akaniambia. "Pakishindiliwa hatoki."

Nikazunguka, nikaketi kwenye matope upande wake. Suruali ile ilikuwa ndiyo suruali, sikuwa na nyingine. Nikamuuliza kaniki ni ya nini.

"Wale walitoka wamelowa. Yeye atasikia baridi."

Niliyokuwa nimeyaandaa njiani yote yalikimbia. Nilikuwa na hotuba, tena nzuri. Nikabaki na kitu kimoja tu.

"Raheli, siku tuliyowazika mabuu, wewe ulisema nini kwenye kaburi la mwisho?"

"Nilisema ametikisa mkia. Ukasema ni mkono wangu."

"Mkono ulikuwa wako au mkia ulikuwa wake?"

"Mkia ulikuwa wake."

"Kwa hiyo alikuwa amekufa?"

Akafikiri. "Hapana. Tulizika wazima."

"Tulizika wazima. Katika sisi wote ni wewe peke yako uliyegusa ukajua. Mimi niliangalia tu, nikawa nimechoka kungoja." Nikavuta pumzi, na wenzangu, sijawahi kuuliza mtoto swali zito kama lile. "Mama ulimgusa?"

Mwinjilisti alikuwa amesogea, ameshika kofia mkononi, kichwa chake chote maji.

"Nilimshika mkono. Asubuhi ile. Bibi alikuwa hajaamka."

"Nao mkono ukatikisika?"

Mvua ilinyesha. Nilitamani anidanganye.

"Hapana," akasema. "Nilimwita, nikamminya hapa, kwenye kidole. Hapana, Mwalimu."

Kisha akalia. Kilio hicho kilikuwa kimengoja tangu Julai, na kilipotoka kilisikika mpaka Njombe, na hapa sitii chumvi. Nikachukua kaniki nikamfunga nayo mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kitu pekee kikavu katika nchi nzima siku ile, nikambeba mgongoni. Njiani alilia mpaka akalala. Mwinjilisti alitufuata akisukuma baiskeli. Tulipomkabidhi kwa bibi yake, bibi akamweka karibu na moto, akamsugua kifua, akatupa sisi uji bila kutuuliza chochote. Nadhani alitudharau kidogo. Kikohozi kilikwisha baada ya siku kadhaa.

Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na kila msimu niliwaleta viwavi wa viazi vitamu. Nilichobadilisha ni jambo moja: hakuna mdudu aliyetangazwa amekufa darasani mwangu kabla kila mtoto hajamgusa kwa kidole chake. Mkaguzi mmoja aliniuliza utaratibu huo umetoka kitabu gani. Nikamwambia ni njia ya kisasa. Lakini msidhani nilipata ufahamu. Mpaka leo mtoto akiniuliza tofauti ya kulala, kubadilika na kufa, najibu kama nilivyojibu ile picha iliyonyeshewa, kisha naomba asiniulize tena.

Nimalizie siku aliyorudi shule. Mapumziko yalipofika sikumwona uwanjani akicheza. Nikaenda nyuma ya darasa, nikamkuta anang'oa misalaba ya mianzi, mmoja baada ya mwingine, anaiweka chini kwa mpango. Mwinjilisti Kaduma alikuwa ameegesha baiskeli yake ukutani. Sijui alikuja kufanya nini. Baada ya siku ile alipita pale mara nyingi bila sababu.

"Kwa nini unang'oa misalaba, mwanangu?" akamuuliza.

"Hawa hawakufa, Mwinjilisti."

Aliendelea mpaka akafika kwenye kaburi lile lisilokuwa na tundu. Akachuchumaa. Msalaba ulikuwa umeinama kwa mvua. Akaunyoosha, akaukandamizia udongo pande zote mbili, akauacha.

"Na huyo je?"

"Huyu nimemgusa," Raheli akasema, akajifuta mikono kwenye gauni, akakimbia kwenda kucheza.

Mwinjilisti akavua kofia. Nami nikavua yangu, sijui kwa heshima ya nani.